Kabla Sauti Tatu Hazijaingia Kooni: Kanda ya Freiburg ya Albert Mangelsdorff

Tarehe 22 Juni 1964, wanaume watano waliingia katika ukumbi mkubwa wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Freiburg, mji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani usio mbali na mipaka ya Ufaransa na Uswisi, wakapiga muziki wa jazi mbele ya watu huku mitambo ya redio ikirekodi. Onyesho likaisha, watu wakatawanyika, na kanda ikahifadhiwa ghalani. Ilikaa huko karibu nusu karne, mpaka Jazzhaus, lebo ya kutoa muziki iliyoanzishwa mahsusi kwa ajili ya kuyafungua maghala ya sauti ya redio ya umma ya SWR, ilipoitoa na kuiuza kama kazi mpya. Kiongozi wa wale watano alikuwa Albert Mangelsdorff, mpiga tromboni wa Frankfurt, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 35 na alikuwa bado hajafanya jambo ambalo dunia ingemkumbuka kwalo.

Jambo hilo nitalifikia. Kwanza nieleze kwa nini mtu wa kutoka mitelemko ya Kilimanjaro anakesha akisikiliza kanda ya Wajerumani.

Mimi nilipiga tromboni katika kundi la matarumbeta la usharika wetu kwa miaka sita. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Walutheri wa Ujerumani, popote walipokwenda, walikwenda na desturi yao ya kumsifu Mungu kwa vyombo vya shaba, ndiyo maana hata leo Pasaka ya kwetu huanza alfajiri kwa matarumbeta kabla jogoo hajamaliza kuwika. Wajerumani wenyewe hukiita kikundi cha namna hiyo kwa jina la tromboni, Posaunenchor, hata kama ndani yake wamejaa wapiga tarumbeta. Neno hilo hilo, Posaune, ndilo Luther alilolitumia katika Biblia yake pale ambapo sisi tunasoma kwamba parapanda italia na wafu watafufuliwa. Kwa Mjerumani aliyelelewa na Biblia hiyo, siku ya mwisho itatangazwa kwa chombo kile kile ambacho mimi nilikuwa nakibeba begani kutoka sharikani hadi nyumbani, nikikwepa matawi ya migomba. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, kisha nikaogopa kidogo.

Mzee aliyetufundisha alikuwa na msemo mmoja wa kila siku: «Kijana, tromboni haina vidole.» Alimaanisha kwamba tarumbeta ina vitufe vitatu vya kubonyeza, na saksafoni ina vifuniko vyake, lakini tromboni ina bomba linalovutwa tu, lenye nafasi saba ambazo hazijachorwa alama yoyote. Mkono ukipita nafasi kwa upana wa kidole kimoja, wimbo mzima umeharibika, na hakuna wa kumsingizia. Sikio ndilo linaloshika chombo. Kwa sababu hiyo tromboni ilichelewa kuingia katika jazi ya kisasa, ile ya baada ya vita yenye kasi kubwa, maana bomba la kuvuta halikimbii kama vidole, na waliofaulu kukimbia nalo, akiwemo J. J. Johnson wa Marekani, walihesabiwa kuwa watu wa ajabu. Nisiache kusema pia kwamba ninaposema jazi, sizungumzii Western Jazz wala Morogoro Jazz, bendi zetu zilizobeba jina hilo huku zikipiga dansi lenye damu ya rumba. Nazungumzia muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi, ambao kijana wa Frankfurt aliupenda katika nyakati ambazo kuupenda kulikuwa hatari.

Albert alizaliwa Frankfurt tarehe 5 Septemba 1928. Kaka yake Emil, aliyemzidi miaka mitatu, ndiye aliyeileta jazi nyumbani kwa njia ya santuri, wakati serikali ya Wanazi imekwisha kuipiga marufuku redioni na kuitangaza kuwa uchafu wa watu duni. Emil alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kwa ajili ya muziki huo, akapelekwa vitani upande wa mashariki, akatekwa na Warusi, asirudi nyumbani mpaka 1949. Alirudi na saksafoni yake ya alto, akaendelea kuipiga hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 96. Mdogo wake alianza na fidla, akahamia gitaa, na alipoishika tromboni mwaka 1948 alikuwa tayari kijana wa miaka ishirini hivi, umri ambao walimu wengi wa vyombo vya kupuliza wangemshauri atafute kazi nyingine. Nadhani kuchelewa huko kulimsaidia. Alikuwa amekwisha kuusikia muziki kwa masikio ya mpiga gitaa, yaani kwa nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, kabla hajakutana na chombo ambacho kila mtu alijua kwamba kinatoa sauti moja tu kwa wakati.

Frankfurt ya baada ya vita ilijaa askari wa Marekani, na askari hao walitaka muziki. Mwaka 1952 mpiga tarumbeta Carlo Bohländer alifungua klabu chini ya ardhi katika kichochoro cha Kleine Bockenheimer Straße, na Jazzkeller hiyo ikawa shule halisi ya wanamuziki wa mji ule. Nilipoishi Frankfurt kwa masomo niliishuka ngazi yake mara kadhaa. Ni pango la matofali lenye dari ya chini, na mpiga tromboni anayesimama jukwaani akinyoosha mkono hadi nafasi ya saba inambidi kwanza atazame aliyekaa mbele yake. Mwaka 1958 Mangelsdorff alikwenda Marekani kupiga katika bendi ya vijana wa mataifa mbalimbali kwenye tamasha la Newport, na mwaka huo huo akakabidhiwa uongozi wa kikundi cha jazi cha redio ya Hessen, jimbo ambamo Frankfurt imo. Akawa mtu mwenye mshahara, mwenye studio, na mwenye wenzake wa kufanya nao mazoezi bila kukimbizana na kodi ya nyumba. Mambo hayo hayapendezi kusimuliwa, lakini bila hayo pasingekuwa na kanda ya kuzungumzia.

Wenzake wa Freiburg walikuwa Heinz Sauer kwenye saksafoni ya tena (ile nzito kuliko alto), Günter Kronberg kwenye saksafoni ya alto, Günter Lenz kwenye besi, na Ralf Hübner kwenye ngoma. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1964 walikuwa wamezunguka Asia kwa udhamini wa Taasisi ya Goethe, wakifika India, Thailand, Vietnam na Japani miongoni mwa nchi nyingine. Serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na makao Bonn, ilikuwa inataka kuonyesha uso mwingine wa Ujerumani, na badala ya kupeleka Beethoven peke yake ilipeleka pia watu waliokuwa wakipiga muziki ambao miaka ishirini kabla yake ungewapeleka gerezani. Mwezi Juni waliingia studio kurekodi albamu ya Now Jazz Ramwong, ambayo jina lake limetokana na ramwong, ngoma ya Kithai ya kucheza kwa duara. Ndani yake mna «Sakura» ya Wajapani iliyogeuzwa kuwa waltz, mna wimbo wa ndege wa Kimalei, mna dhamira, yaani tuni kuu, ya Ravi Shankar, mpiga sitari wa India, na mwishoni kabisa mna wimbo wa kale wa Kijerumani wa karne za kati kuhusu malaika watatu walioimba. Huo wa mwisho ndio unaonishangaza kuliko yote. Safari nzima ya Asia, bahari na mabara, ikamrudisha Mjerumani kwenye wimbo wa bibi yake. Vijana wa Ujerumani wa kizazi kile walikuwa na sababu nzito za kutotaka kugusa chochote kilichonukia uzalendo, kwa kuwa Wanazi walikuwa wameuchafua hata muziki wa kijijini. Na huyu akaupata tena kwa kupitia Bangkok na Tokyo.

Mwezi huo huo wa studio ndio mwezi wa Freiburg. Kwa hiyo kanda hii inawakuta watu watano ambao wamekuwa wakipiga pamoja karibu kila usiku, katika nchi ambazo hawakuijua lugha yake hata moja, na ambao kwa hali hiyo wamezoea kusikilizana kuliko kuzungumza. Albamu ya studio ni nzuri, na kwa miaka mingi ndiyo pekee niliyoijua. Lakini studioni mtu hupewa dakika zake, akakosea akarudia, na mhandisi wa sauti anazitazama pande mbili za santuri zisizobeba zaidi ya dakika ishirini na kitu kila moja. Ukumbini hakuna wa kuhesabu. Nikivaa vipokea sauti usiku, nikazima taa, nasikia pumzi inavyovutwa kabla ya sentensi ndefu, namsikia mtu anayeanza wazo bila kujua litaishia wapi, na nasikia wanafunzi wa Freiburg wakinyamaza ule unyamavu wa watu wanaofuatilia kwa makini. (Chuo chenyewe kinaitwa Albert-Ludwigs. Naamini Albert wetu aliambiwa utani huo mara zisizopungua kumi siku ile.)

Sasa tazama ni nani hayupo. Hakuna piano, wala hakuna gitaa. Kikundi cha jazi cha kawaida huwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuweka sakafu, yaani kupiga noti tatu au nne kwa pamoja ili anayepuliza ajue amesimama wapi. Mangelsdorff aliiondoa sakafu hiyo kwa makusudi. Wanapopiga dhamira, tromboni na saksafoni mbili hugawana noti, kila mmoja ya kwake, na kwa pamoja wanafanya kazi ya mkono wa kulia wa mpiga piano. Dhamira ikiisha, wawili wanarudi nyuma na mmoja anabaki na besi na ngoma peke yake, kama mtu aliyeachwa katikati ya uwanja. Hapo ndipo Heinz Sauer ananifanya niache kila ninachokifanya. Ana sauti ya kukwaruza, isiyotaka kumpendeza mtu, na anapenda kunyamaza pale ambapo wewe ungejaza. Mangelsdorff akimfuata, tofauti inasikika papo hapo: tromboni yake ina duara, ina upole, na hata inapokimbia haionyeshi jasho. Wengi wanaoandika kumhusu hupita haraka miaka hii ya kundi la watano ili wawahi kufika miaka ya sabini. Kwa maoni yangu wanakosea, na kanda ya Freiburg ndiyo ushahidi wangu.

Ile miaka ya sabini ni hii. Mwaka 1972, katika programu ya jazi ya Michezo ya Olimpiki ya Munich, Mangelsdorff alipanda jukwaani peke yake, bila besi wala ngoma, akapiga tromboni na kutoa noti kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yake ya kwanza ya tromboni tupu, Trombirds, ambayo jina lake limechanganya tromboni na ndege, kwa sababu alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege. Baadaye akaipa nyingine jina la Tromboneliness, ambamo neno la Kiingereza la upweke limefichwa ndani ya jina la chombo. Kuanzia hapo akawa ni yeye anayetajwa popote tromboni inapozungumziwa, kutoka Berlin hadi New York.

Siri yake inaelezeka kwa solfa tulizofundishwa kanisani, na nimeijaribu mwenyewe. Mpigaji hubandika midomo kwenye kikombe kidogo cha shaba, akapuliza noti ya chini, tuseme do, yenye mitetemo 110 kwa sekunde. Wakati midomo inaendelea kutetemeka, yeye huimba kwa koo lake, ndani ya kikombe hicho hicho, so ya juu ya do hiyo, yenye mitetemo 165. Sauti hizo mbili zikikutana ndani ya bomba hazikai kimya, zinazaa nyingine. Jumla yake ni 275, nayo ni mi safi iliyo juu yao, na tofauti yake ni 55, ambayo ni do ya chini kabisa, mlio unaousikia tumboni kuliko masikioni. Ndiyo hiyo do, so, mi, pamoja na besi yake, kutoka kwa mtu mmoja mwenye chombo ambacho kila mtu alijua kwamba kina sauti moja. Sharti ni kwamba koo liwe na usahihi ule ule wa mkono, kwa maana ukiimba so iliyopungua kidogo, zile zinazozaliwa zinatoka zimepinda na kinachosikika ni mngurumo wa pikipiki iliyokataa kuwaka. Hakuwa wa kwanza duniani kujaribu. Mtunzi wa Kijerumani Carl Maria von Weber aliwaandikia wapiga honi, chombo kingine cha shaba, jambo la namna hii mwanzoni mwa karne ya 19, na mpiga tromboni Paul Rutherford wa Uingereza alikuwa akichimba eneo hilo hilo katika miaka ile ile. Lakini Weber aliiweka kama kionjo cha dakika moja. Mangelsdorff aliigeuza kuwa lugha ya kusimulia hadithi nzima.

Katika kanda ya Freiburg hiyo haimo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Zile noti tatu zimo, lakini zimo midomoni mwa watu watatu. Kronberg ana moja, Sauer ana moja, Mangelsdorff ana yake. Nikisikiliza dhamira zao, halafu nikaweka rekodi yoyote ya tromboni tupu ya miaka ya sabini, nasikia mpangilio ule ule wa sauti: ile namna ya kuziweka karibu karibu, ile namna ya kuiacha moja ikishuka huku nyingine zimesimama. Wanaosema kwamba mwaka 1972 alivumbua kitu kutoka hewani wananishangaza. Alikuwa amesimama katikati ya saksafoni mbili usiku baada ya usiku, bila piano ya kumfunika, mpaka wenzake wakahamia kooni mwake. Alipopanda jukwaani peke yake pale Munich hakuwa peke yake sana.

Tungekuwa hatuna njia ya kulisikia hili kwa uwazi kama redio isingetunza. Kwa miongo mingi msukumo wa jazi katika redio ya eneo lile ulitoka kwa Joachim-Ernst Berendt wa Südwestfunk ya Baden-Baden, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti aliyefia kambi ya mateso ya Dachau mwaka 1942. Berendt alirekodi, akatangaza, akapanga safari, akasimamia albamu. Wapo waliolalamika kwamba aliamua mambo mengi mno peke yake, na lalamiko hilo lina haki yake. Südwestfunk iliunganishwa na redio jirani ya Stuttgart mwaka 1998 na kuzaa SWR, na kanda zikahama mikono pamoja na majengo na madeni. Katika kila hatua kama hiyo kuna siku ambapo mtu fulani anasimama mbele ya rafu na kuuliza kama takataka hizi bado zinahitajika. Kanda za sauti zilikuwa ghali, na redio nyingi duniani zilifuta za zamani ili zirekodi mpya juu yake. Ya Freiburg iliponea, nadhani, kwa sababu mtu aliandika kwenye kasha lake majina, mahali na tarehe, na mwingine baada yake akaamini maandishi hayo.

Mangelsdorff mwenyewe alifariki Frankfurt tarehe 25 Julai 2005, kabla kanda hii haijatoka. Tuzo ya jazi inayobeba jina lake ilikuwa imekwisha kuanzishwa tangu 1994, akiwa hai, na kuanzia 1995 hadi 2000 aliliongoza tamasha la jazi la Berlin.

Kundi letu la matarumbeta nalo lilirekodiwa mara moja, Pasaka moja alfajiri, kwa redio kaseti ya mzee wetu iliyowekwa juu ya ukuta wa makaburi. Tulikuwa kumi na mmoja. Miaka michache baadaye nilipoiomba kaseti hiyo ili niinakili, nilipewa, na nilipoiweka nikakuta imerekodiwa mahubiri juu yake, upande wa kwanza na wa pili, ya mhubiri mgeni ambaye sikumfahamu na ambaye hakuwa na haraka yoyote. Nilisikiliza yote nikitumaini. Mahubiri ya upande wa pili yakaisha kabla ya kanda kwisha. Pakawa na mlio wa kitufe kinachobonyezwa, na baada ya hapo, kwa sekunde ambazo nimezihesabu na hazifiki ishirini, tupo. Ni mstari wa mwisho wa tenzi. Besi imeshika do, tarumbeta ziko juu kwenye mi, na katikati, katika nafasi ya sita, ikichelewa kidogo na ikiwa chini kidogo ya inavyotakiwa, ipo so yangu.